Kikapu cha Udongo na Chungu cha Maji: Mzunguko wa Nusu Siku Kutoka Kashikishi

Katika mwaka wangu wa pili hapa chuoni Dar es Salaam, mwalimu wetu wa historia alitupeleka Pugu. Tulishuka kwenye basi asubuhi mapema, tukaingia msituni kwa miguu, tukazunguka, na saa saba mchana tulikuwa tumerudi pale pale tulipoanzia, viatu vimejaa udongo. Njiani mwalimu hakutuonyesha ndege wala maua. Alituonyesha upande inakopita reli ya kati, na upande ilipo shule ambako Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa. Kisha akatupa kazi ya likizo: kila mmoja akifika kwao atembee nusu siku, mzunguko mmoja, na aandike historia ya alichokikanyaga. "Msiniletee historia ya Afrika," alisema. "Nileteeni historia ya njia moja."

Kwetu ni Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Hakuna jiji kubwa karibu. Nyumba yetu iko Kashikishi, mji wa wavuvi na soko, unaopakana na boma la wilaya. Baba yangu ni mtu wa hapo. Mama yangu alizaliwa Pweto, ng'ambo, katika Kongo. Ninaitaja nasaba hii mapema kwa sababu insha hii inaihitaji. Katika nyumba ya bibi yangu, mama wa baba, Kiswahili hakikuzungumzwa tangu nilipozaliwa, na mimi nimekuja kukisoma chuoni. Nilitaka kujua njia ya nyuma ya nyumba yetu inasema nini juu ya jambo hilo.

Nilitembea Desemba, na baba yangu mdogo ndiye aliyenisindikiza. Yeye ni mvuvi, na mvuvi wa Mweru ana nafasi Desemba kwa sababu ya sheria: kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Mitumbwi huwa imepinduliwa mchangani, nyavu zimetundikwa, na wanaume huzungumza sana. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa tuko ufuko wa mashariki, jua letu huchomoza kutoka nchi kavu, nyuma ya migongo yetu, na ziwa hupata mwanga baada ya sisi. Wanawake waliokuwa wakichota maji walitusalimu, "Mwashibukeni mukwai," nasi tukaitika. Kwa Kibemba salamu hiyo iko katika wingi hata kwa mtu mmoja, kwa heshima, kama vile Mswahili anavyoona haya kumwambia mkubwa "wewe".

Kabla hatujaliacha ziwa, baba mdogo alisimama akaniambia nilitazame vizuri. Ziwa Mweru lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula unaliingia kutoka kusini, ukiwa umetoka mabwawa ya Bangweulu, na Mto Kalungwishi unaliingia kutoka mashariki. Maji hutokea kaskazini, pale Pweto, kwa Mto Luvua, ambao unakwenda kuungana na Lualaba na hatimaye kuwa Mto Kongo. Kwa hiyo maji haya yanakwenda Bahari ya Atlantiki. Lakini lugha ninayoiandika hapa ilifika kwenye maji haya kutoka upande mwingine, Bahari ya Hindi. Pwani hizo mbili zimekutana hapa mlangoni kwetu, na hazikukutana kwa amani.

Hadithi ya kwanza ya njia hii ni ya mwanamke. Kila mtoto wa Luapula ameisikia. Kabla ya Walunda, wenye ziwa walikuwa Washila, watu wa uvuvi, na mfalme wao aliitwa Nkuba. Nkuba alimwua mtoto wa dada yake. Dada huyo, Nachituti, alikwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda waliokuwa wametoka magharibi, akamwomba amlipizie kisasi. Kazembe alimwua Nkuba. Nachituti, kwa shukrani, akampa kikapu cha udongo na chungu cha maji. Maana yake ilikuwa wazi: nchi na maziwa sasa ni vyako.

Mwanahistoria David Gordon aliandika kitabu kizima kuhusu zawadi hiyo, kilichotoka mwaka 2006, na hoja yake imenisaidia sana. Hadithi ya Nachituti inafanya kazi kama hati ya umiliki. Inaeleza kwa nini Walunda wanatawala nchi ambayo wao wenyewe wanakiri kwamba waliikuta na wenyewe. Pia inaeleza kwa nini walioshindwa hawakufutwa: hati inawataja, kwa hiyo wapo. Udongo na maji vilitolewa pamoja lakini katika vyombo viwili, na ndivyo ilivyobaki. Ardhi ya Luapula ina machifu wake na taratibu zake za kugawa mashamba, na maji yana watu wake na kumbukumbu zake za nani aanze kuvua wapi. Niliona busara katika jambo hilo. Mgeni akifika kwetu hatumwulizi anamiliki nini. Tunamwuliza nani alimpa.

Mwata Kazembe mwenyewe aliweka historia hii kwenye maandishi. Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akisaidiwa na padre Edouard Labrecque, alitoa kwa Kibemba kitabu kiitwacho *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, yaani wahenga wangu na watu wangu. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza baadaye. Ninakitaja kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wanaodhani kwamba historia ya Afrika ya ndani iliandikwa na wasafiri peke yao. Mfalme wetu aliandika yake, kwa lugha ya nyumbani.

Tuliliacha ziwa saa moja kasoro. Njia inapanda polepole kati ya mashamba ya mihogo. Huku sima ni ya mihogo zaidi kuliko ya mahindi, na kila nyumba ina mahali pa kuilowekea. Baada ya mashamba miti inaanza: kwanza vichaka vilivyochipua kwenye mashamba yaliyopumzishwa, kisha miombo yenyewe, yenye majani mapya ya mvua na udongo unaonuka uyoga. Baba mdogo alikuwa mbele na panga. Mimi nilikuwa nyuma na daftari, na nilikuwa nikiijua njia hii kuliko alivyodhani.

Niliijua kwa sababu mama alinileta hapa kila siku nilipokuwa mdogo. Shamba letu liko mwisho wa mihogo. Kutoka mlangoni hadi mti wa kwanza mkubwa mama alikuwa akizungumza nami Kibemba chake cha kuungaunga. Tukishaupita mti ule, alibadili lugha. Aliniimbia, alinihesabia, alinikemea na kunisimulia, vyote kwa Kiswahili cha Pweto. Tukirudi, kwenye mti ule ule, alikiacha kama mtu anavyoliacha jembe nje ya nyumba. Hivyo darasa langu la kwanza la Kiswahili lilikuwa pori hili, na masomo yalikuwa ya kwenda na kurudi. Kwa miaka mingi nilidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Nilikuwa na miaka tisa au kumi nilipofahamu kwamba lilikuwa agizo la bibi.

Ili kueleza agizo hilo lazima nirudi karne ya 19. Ufalme wa Kazembe ulikuwa njia panda ya biashara. Shaba ilitoka Katanga, chumvi ilitoka mabondeni, pembe za ndovu zilitoka kila upande. Wareno walikuja kutoka Msumbiji: Francisco José de Lacerda alifika mwaka 1798 na kufia huko huko. Miaka michache baadaye wakaja wafanyabiashara wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na mwenzake Amaro José, waliovuka bara mpaka Tete. Mwaka 1831 wakaja Monteiro na Gamitto. Lakini waliokaa, na waliobadili maisha ya ziwa, ni watu wa misafara ya pwani ya mashariki.

David Livingstone aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na mwezi huo huo akaingia mji wa Kazembe. Watoto wa shule husoma kwamba aligundua. Yeye mwenyewe alikuta huko mtu wa pwani, Muhammad bin Salih, ambaye alikuwa amezuiliwa kwa Kazembe kwa miaka, na baadaye wawili hao wakaondoka kuelekea Ujiji. Miezi michache kabla, Livingstone alikuwa amekutana na Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye mwaka ule wa 1867 alikuwa amempiga Nsama, mtawala wa Itawa, kaskazini-mashariki mwa ziwa. Mzungu aliyeichukia biashara ya watumwa alikula, akapona homa na akapata njia kwa msaada wa watu walioiendesha. Historia ya hapa haikubali kugawanywa kirahisi kati ya wema na wabaya.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamjua Tippu Tip kwa sababu nyingine. Tawasifu yake, iliyotolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni mojawapo ya tawasifu za awali kabisa katika lugha hii. Tunaisoma darasani kwa ajili ya nathari yake: sentensi fupi, masimulizi ya haraka, hesabu ya pembe na ya bunduki. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kukuta majina ya jirani zangu. Kurasa chache baadaye furaha iliniisha, kwa kuwa jirani zangu walikuwa wanachomewa vijiji.

Watu hao wa misafara walijiita waungwana. Katika kamusi, muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa, na pia mtu mwenye adabu. Wengi wao hawakuzaliwa pwani kabisa. Walikuwa watu wa bara, wengine waliwahi kuwa watumwa, wakapata jina hilo kwa kuvaa kanzu, kushika bunduki na kusema Kiswahili. Jina lilivuka ziwa pamoja nao. Upande wa Kongo, Kiswahili cha mashariki kikaja kuitwa Kingwana. Kwa Kibemba, wao wenyewe wakaitwa Balungwana. Neno ni lile lile. Lakini pale pwani linakumbusha adabu, na huku Kashikishi linakumbusha watu waliokuja na minyororo. Katika familia yetu liliwahi kutumika kunyamazisha watoto usiku: "Balungwana baisa!" yaani Balungwana wamekuja.

Mwishoni mwa karne ile ufalme ulibanwa kila upande. Ng'ambo ya Luapula, Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijenga dola yake Bunkeya akaikata biashara ya Kazembe na magharibi. Wafanyabiashara wa pwani na washirika wao waliingilia ugomvi wa urithi wa Kazembe na kujikita hata katika kisiwa cha Kilwa humu ziwani, ambacho jina lake humshtua kila Mtanzania ninayemtajia. Kisha Wazungu wakaja na karatasi. Alfred Sharpe aliandikiana mkataba na Kazembe mwaka 1890. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa na Mfalme Leopold. Mwaka 1894 Uingereza na Leopold walikubaliana mpaka, nao ukapita mtoni na ziwani. Kisiwa cha Kilwa, kilicho karibu zaidi na ufuko wa Kongo kuliko wa kwetu, kikaangukia upande wa Waingereza, na leo ni Zambia. Mwaka 1899 Waingereza waliuchoma mji wa Kazembe, kwa sababu alikuwa amekataa kutawaliwa. Kikapu na chungu vilichukuliwa safari hii bila Nachituti yeyote kuvitoa.

Saa tatu hivi tuliikuta miembe. Ilikuwa mitano, mikubwa, katikati ya miombo, hakuna nyumba wala jivu la jiko karibu. Maembe yalikuwa yameiva na mengine yameanguka, nyuki wamejaa. Tulikaa chini tukala. Baba mdogo akaniuliza, "Mayo, mwembe unaota wenyewe porini?" Huniita mayo, yaani mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita mabinti zao kwa mapenzi. Nikamjibu kwamba mtu hula embe na kutupa kokwa. "Ndiyo," akasema, "lakini mitano kwenye mstari?"

Kweli ilikuwa kwenye mstari. Alinionyesha pia jiwe la kusagia, limekaa kwenye nyasi, katikati limelika kama bakuli. Alisema baba yake alimwambia kwamba hapa palikuwa kijiji cha watu waliotolewa ufukweni.

Hili ndilo jambo nililojifunza zaidi katika mzunguko wangu, na sikulipata kwanza kitabuni. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, malale yalitishia bonde la Luapula na ufuko wa Mweru. Ugonjwa huo huenezwa na mbung'o, na mbung'o wa aina hiyo hupenda kivuli cha kandokando ya maji. Utawala wa kampuni ya British South Africa, uliokuwa ukitawala nchi hii wakati huo, uliamua kuwaondoa watu ufukweni. Vijiji vilihamishwa kwenda bara na watu walikatazwa kukaa na kuvua kwenye maji yao. Ilipita miaka mingi kabla hawajaruhusiwa kurudi. Kwa watu ambao chakula chao, kodi yao na makaburi ya wazee wao vilikuwa ufukweni, huko kulikuwa kuhamishwa kutoka kwenye chungu kwenda kwenye kikapu. Walipoondoka, ufuko uliota pori. Waliporudi, huku juu nako kukaota pori.

Kwa hiyo miombo niliyokuwa nikiisifu asubuhi kama pori la asili haikuwa hivyo. Ilikuwa mtaa uliohamwa. Nadhani wengi wetu tuna kosa hili. Tukiona miti mingi na watu wachache tunasema hapa hakujawahi kuwa na mtu, na kutoka hapo ni hatua moja tu kusema hapa hakuna mwenyewe. Serikali za wakoloni zilipenda sana hatua hiyo. Mwembe ni shahidi mzuri dhidi yake. Si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Asia ukafika kwetu kupitia pwani, na umepandwa na mikono ya watu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na kwingineko njiani. Watu wale wale walioleta hofu waliwahi pia kuleta kokwa. Nilikula embe langu nikiwaza hivyo, na lilikuwa tamu.

Tulikuwa bado tumekaa tulipowasikia watu. Wanawake wawili na mtoto walitokea kati ya miti, wamebeba mabeseni ya uyoga vichwani. Mkubwa wao alitusalimu kwa Kibemba kidogo, kisha, akiona tabasamu langu, akaniuliza: "Dada, hii njia inafika ku soko?"

Ilikuwa sauti ya mama yangu kabisa. Nikamjibu kwamba inafika sokoni, washuke moja kwa moja mpaka mihogo. Baada ya kusema nikajisikia vibaya kidogo, kwa kuwa "sokoni" yangu ilikuwa kama kumsahihisha. Darasani kwetu "ku soko" hupigwa mstari mwekundu. Lakini Kibemba nacho husema "ku" mbele ya jina la mahali, na lugha nyingi za Kongo zilizo jamaa zake hufanya hivyo hivyo. Mama huyu hakukosea. Alikuwa anasema Kiswahili ambacho kimeishi na majirani zake kwa zaidi ya miaka mia moja, kwanza katika misafara, kisha katika migodi ya Katanga, ambako kampuni ya Union Minière ilikitumia kuzungumza na wafanyakazi waliotoka kila upande. Samaki wa Mweru na Luapula walilisha migodi hiyo. Lugha ilirudi kwa njia ile ile iliyowapeleka samaki.

Walikuwa wakimbizi. Tangu mwaka 2017, vita na ghasia katika maeneo ya Pweto, Moba na Manono vimewavusha maelfu ya Wakongo kuingia Zambia. Kwanza walipokelewa katika kituo cha Kenani, humu wilayani Nchelenge. Kisha, mwaka 2018, serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walifungua makazi ya Mantapala, pia katika wilaya yetu, ambako familia zilipewa viwanja na mashamba porini. Nilipoisikia habari hiyo nikiwa sekondari, niliwasikia watu wa soko wakisema maneno mawili kinyume. Wengine walisema: ardhi ile ilikuwa tupu, heri ipate watu. Wengine walisema: ardhi ile ni yetu, watalima na kukata mkaa mpaka miti iishe. Sasa, chini ya miembe ile, niliona kwamba kauli zote mbili zinasahau kijiji kilichokuwa hapa. Waliokaa chini ya miembe hii walikuwa wenyeji wa Mweru, nao walikuwa wakimbizi katika nchi yao wenyewe, umbali wa saa tatu kwa miguu kutoka nyumbani.

Baba mdogo aliwaelekeza wale wanawake kwa Kiswahili. Nilishangaa. Nilikuwa sijawahi kumsikia. "Nimeuza samaki kwa Wakongo miaka 20," alisema walipokwisha ondoka. "Ulidhani nilikuwa nawauzia kwa ishara?" Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kukisema nyumbani. Akacheka. "Nyumbani ni kwa bibi yako."

Tulishuka kwa njia nyingine, kaskazini ya ile tuliyopandia, tukalifikia ziwa saa tano na nusu. Mvua ilikuwa imeanza kujikusanya upande wa Kongo na milima ya ng'ambo ilikuwa buluu. Tulirudi tukifuata ufuko, tukiruka kamba za mitumbwi. Vijana walikuwa wakirekebisha nyavu za chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, ambao sasa ndio riziki ya wengi. Wazee husimulia zaidi habari za mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa majira ya mvua, hadi katikati ya karne iliyopita nyavu nyingi na biashara ya kulisha migodi zilipomshinda. Ndiyo maana, ingawa Desemba ni ngumu, sikumsikia mzee hata mmoja akiikataa sheria ya kufunga uvuvi. Walikwishaona maana ya chungu kukauka.

Pwani hiyo ndipo mama alipofikia. Desemba mwaka 2000 vita vilifika Pweto, na maelfu ya watu na askari walikimbilia Zambia. Baba, ambaye alikuwa akienda Pweto kwa biashara ya samaki na tayari alikuwa amemposa mama, alimvusha yeye na wadogo zake wawili. Bibi aliwapokea kwenye maji. Aliwapa sima na samaki kabla ya kuwauliza jina. Usiku ule ule alimwambia mama, kwa upole, kwamba atakaa hapa kama mwana, ila lugha ile isisemwe ndani ya nyumba. Mama hakubisha. Nilizaliwa mwaka uliofuata.

Tulifika nyumbani saa sita. Bibi alikuwa barazani akimenya karanga. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia tumefika kwenye miembe. Akasema bibi yake alipanda mmoja wa ile. Sikujua hilo. Nikamwomba anisimulie, na kwa mara ya kwanza akanisimulia yote: kwamba bibi yake huyo, akiwa mtoto, alijificha kwenye mihogo siku Balungwana walipopita, na dada yake mkubwa hakujificha vizuri. Miaka michache baadaye watu wa boma wakaja kuwaambia waondoke ziwani kwa sababu ya ugonjwa. "Kwa hiyo alihama mara mbili," alisema bibi. "Mara moja ndani ya moyo, mara moja na vyungu vyake."

Nilimweleza nilichojifunza chuoni, kwamba neno Balungwana limetoka kwa waungwana, na maana yake ni watu huru, watu wa adabu. Alisimamisha mikono yake.

"Ni neno zuri," akasema. "Nani aliwapa?"

Nikamwambia walijipa wenyewe.

Akatikisa kichwa, akaendelea na karanga.

Nimefikiria swali lake tangu siku ile, na ninaona kwamba ndilo swali la Nachituti. Udongo hutolewa, maji hutolewa, na jina jema pia hutolewa na wengine. Ukijitwalia, unalo, lakini watoto watanyamazishwa kwa hilo usiku. Sisi tunaokisoma Kiswahili kama lugha ya umoja wa Afrika, na mimi ni mmoja wao, tunapenda kuanza historia yake na mashairi ya pwani, kisha tunaruka hadi uhuru. Katikati kuna njia kama hii ya kwetu. Sioni kama kuitaja kunaiharibu lugha. Kiswahili cha wale wanawake wenye uyoga hakikuletwa kwa bunduki. Kimevuka ziwa kikiwa kimebebwa na watu wanaokimbia bunduki. Lugha ni ile ile na ziwa ni lile lile, ila mahali pa mwenye kuogopa na mwenye kuogopwa pamebadilika. Mtu hawezi kuliona badiliko hilo kama hajui pande zote mbili.

Mwalimu aliomba historia ya njia moja, nami nimeandika ya njia tatu: ya mfalme, ya bibi na ya mama. Zote zinapita kwenye ule mti mkubwa mwisho wa mihogo.

Jioni ile mvua ilinyesha. Mama alikuwa jikoni, akaniita nimletee kuni zisilowe. Aliniita kwa Kiswahili. Nadhani hakukusudia. Nilikuwa nimemsimulia mchana kutwa habari za wanawake wa Pweto, na lugha ilikuwa bado mdomoni. Sote tulinyamaza kidogo. Kisha bibi, bila kuinua macho, akasema kwa Kibemba, "Umesikia, mama yako anakuita," nami nikaenda kuchukua kuni.